Mcheza kwao hutuzwa. Je, Benson Masya wa Kitui tulimtuza?

Wahenga walinena kwamba mcheza kwao hutuzwa. Ni methali tamu, na walimu wa Kiswahili huipenda kuitia katika mitihani kila mwaka. Hata hivyo, methali hiyo haisemi lolote juu ya mtu aliyecheza ugenini, akatuzwa ugenini, kisha jina lake likafifia kwao kama moshi wa jioni. Mtu wa aina hiyo ndiye ninayetaka kumzungumzia leo, maadamu naamini kwamba maisha yake ni somo ambalo walimu na wanafunzi wa Kitui, Makueni na kwingineko nchini wangefaidika nalo.

Siku moja nilialikwa katika shule moja ya upili huko Kitui nizungumze na wanafunzi wa kidato cha tatu kuhusu uandishi wa insha. Kabla ya kuanza somo, niliwaomba wanitajie mabingwa wa riadha waliolitukuza taifa letu. Mikono iliinuka kama mahindi shambani. Walimtaja Kipchoge Keino, wakamtaja Paul Tergat, wakamtaja David Rudisha na Eliud Kipchoge. Nikachukua chaki, nikaandika ubaoni jina la Benson Masya, nikawauliza huyu alikuwa nani. Kimya. Hatimaye kijana mmoja wa nyuma alisimama kwa adabu akasema kwamba pengine alikuwa mbunge wa zamani. Darasa likacheka. Mwalimu wao, kijana mwenye bidii, alitabasamu na kutikisa kichwa. Naye pia hakumjua.

Sikuwalaumu. Mtoto hazaliwi na historia kichwani. Hujua kile ambacho wakubwa wake wameona kinafaa kumwambia. Lawama, ikiwa ipo, ni yetu sisi tuliokuwa na macho ya kuona na hatukuandika.

Benson Masya alizaliwa Kitui tarehe 14 Mei, mwaka 1970. Anayeifahamu Kitui hahitaji kuelezwa mengi. Ni nchi ya udongo mwekundu na miti ya migunga, nchi ambayo mvua yake huja kwa miadi isiyotimizwa, na ambayo mito yake kwa sehemu kubwa ya mwaka ni mchanga mtupu unaochimbwa kwa mikono ili maji yapatikane chini yake. Mtoto wa huko hujifunza kutembea masafa kabla ya kujifunza kusoma. Kisima ki mbali, shule i mbali, soko li mbali.

Wala mazoea hayo ya kutembea mbali si ya jana. Katika karne ya 19, Wakamba walijulikana kote Afrika Mashariki kwa misafara yao ya biashara. Walichukua pembe za ndovu kutoka bara hadi Mombasa, safari ya zaidi ya kilomita 300 kupitia nyika isiyo na maji, wakarudi na nguo, shanga na nyaya za shaba. Maarufu miongoni mwao alikuwa Kivoi wa Mwendwa wa Kitui, ambaye mwaka 1849 alimpokea mmisionari wa Kijerumani, Johann Ludwig Krapf. Ni kutoka huko Kitui ambapo Krapf aliuona Mlima Kenya tarehe 3 Desemba mwaka huo. Kivoi mwenyewe aliuawa njiani mwaka 1851, akielekea upande wa mto Tana. Nayataja haya kwa sababu moja: wengi hudhani kwamba miguu ya masafa marefu katika nchi hii ilizaliwa Bonde la Ufa pekee. Ukambani nako kulikuwa na watu wa njia ndefu tangu enzi za mababu.

Hapa inafaa tulitazame dai ambalo limekuwa likirudiwa mara nyingi, kwamba siri ya mwanariadha wa Kenya ni kuishi katika nyanda za juu sana, ambako hewa ni nyepesi na mapafu hulazimika kufanya kazi zaidi. Ukweli fulani umo katika dai hilo, na wanasayansi wamelichunguza kwa miaka mingi. Lakini mji wa Iten uko katika kimo cha takriban mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, ilhali mji wa Kitui uko chini ya nusu ya kimo hicho. Basi aliyezaliwa Kitui akawa bingwa wa dunia hakuinuliwa na kimo cha mlima. Tutafute sababu nyingine pia, na miongoni mwake ni nidhamu, uvumilivu na njaa ya kutaka kufika mahali.

Masya hakuanza na mbio. Alianza na ndondi. Alikuwa bondia wa uzani wa bantam, uzani wa watu wepesi, ambao kwa kanuni za ridhaa za wakati huo haukupita kilo 54. Jambo hili halipaswi kutushangaza. Kijana wa miaka ya themanini aliyetaka kujitoa katika umaskini kwa nguvu za mwili wake aliiona ndondi kama mlango mpana. Philip Waruinge alikuwa amekwisha kuleta medali kutoka Olimpiki za 1968 na 1972, na mwaka 1988 huko Seoul, Robert Wangila akawa bondia wa kwanza wa Kenya kutwaa dhahabu ya Olimpiki. Kwa kijana aliyekuwa na miaka 18 wakati huo, glavu zilikuwa na mvuto mkubwa kuliko viatu vya kukimbilia.

Lakini bondia naye hukimbia. Tena hukimbia sana, alfajiri kabla ya jua kutoka, ili apunguze uzani na apate pumzi ya kumfikisha raundi ya mwisho. Mbio kwake ni mtumishi wa ndondi. Kwa Masya, mtumishi aligeuka akawa bwana. Mwili uleule mwepesi uliomweka katika uzani wa bantam ulikuwa ndio mwili unaohitajika barabarani, na ule ukaidi wa bondia asiyekubali kuanguka ulikuwa ndio ukaidi unaohitajika katika kilomita za mwisho wakati kifua kinawaka moto. Akaziweka glavu kando, akaingia barabarani.

Aliingia wakati mambo yalikuwa yakibadilika. Vizazi vya kwanza vya wanariadha wetu, tangu Nyandika Maiyoro aliyekwenda Vancouver mwaka 1954, Seraphino Antao aliyeshinda dhahabu mbili huko Perth, Australia, mwaka 1962, na Wilson Kiprugut aliyeleta medali yetu ya kwanza ya Olimpiki kutoka Tokyo mwaka 1964, walikimbia kwa ajili ya bendera na heshima. Kanuni za ridhaa ziliwakataza kulipwa. Katika miaka ya themanini kanuni hizo zililegezwa, na mbio za barabarani katika miji ya Marekani, Ulaya na Japani zikaanza kutoa zawadi za fedha hadharani. Barabara ikawa shamba. Kijana wa Kenya aliyeweza kukimbia kilomita 21 au 42 kwa kasi alikuwa na kitu cha kuuza, na dunia ilikuwa tayari kununua.

Mkamba aliyemtangulia Masya katika njia hiyo ni Michael Musyoki. Huyu alitwaa medali ya shaba katika mita 10,000 kwenye Olimpiki za Los Angeles mwaka 1984, baada ya Martti Vainio wa Finland kuondolewa kwa kutumia dawa zilizokatazwa. Mwaka 1986 Musyoki alikwenda kaskazini mwa Uingereza, akashinda mbio ziitwazo Great North Run kwa dakika 60 na sekunde 43, muda ambao hakuna mtu duniani aliyekuwa ameufikia katika umbali huo. Miaka mitano baadaye, Mkamba mwingine alisimama kwenye mstari uleule wa kuanzia.

Mbio za Great North Run zilianzishwa mwaka 1981 na mwanariadha wa zamani wa Uingereza, Brendan Foster. Huanzia Newcastle, zikavuka daraja la mto Tyne, zikapita Gateshead, zikaishia South Shields mbele ya bahari. Umbali wake ni nusu ya marathoni, yaani kilomita 21 na mita takriban 98. Maelfu kwa maelfu ya watu hukimbia, wengi wao wakiwa raia wa kawaida wanaochangisha fedha za hisani, na mbele yao hutangulia kundi dogo la mabingwa wa dunia. Kabla ya 1991 washindi wake walikuwa pamoja na Waaustralia wawili wenye sifa kubwa, Rob de Castella mwaka 1987 na Steve Moneghetti mwaka 1990.

Mwaka 1991 Benson Masya, akiwa na umri wa miaka 21, alishinda mbio hizo kwa saa moja, dakika moja na sekunde 28. Desemba ya mwaka huohuo akavuka dunia hadi visiwa vya Hawaii, akashinda marathoni ya Honolulu kwa saa mbili, dakika 18 na sekunde 24. Anayeziona tarakimu hizo tu anaweza kudhani kwamba alikimbia polepole. La hasha. Mbio za Honolulu huanza saa kumi na moja alfajiri, gizani, ili wakimbiaji walikimbie jua. Na hata hivyo joto na unyevunyevu wa bahari huwakamata njiani, ilhali upo mlima wa Diamond Head wa kuupanda wakati wa kwenda na wakati wa kurudi. Katika barabara ile, anayeshinda ni yule anayejua kuvumilia jua. Na nani alijua jua kuliko mtoto wa Kitui? Miaka miwili kabla yake, 1989 na 1990, mshindi alikuwa Mtanzania Simon Robert Naali. Afrika Mashariki ilikuwa imeigeuza Honolulu kuwa uwanja wa nyumbani.

Ndipo ukafika mwaka 1992. Ulikuwa mwaka wenye mambo mengi katika nchi yetu. Wilaya ya Makueni ilizaliwa mwaka huo ikimegwa kutoka Machakos. Mwishoni mwa Desemba wananchi walipiga kura katika uchaguzi mkuu wa kwanza wa vyama vingi tangu miaka ya sitini. Huko Barcelona, wakimbiaji wetu watatu walizoa medali zote za mbio za kuruka viunzi na maji. Katika shamrashamra zote hizo, tukio moja lilipita bila kelele nyingi.

Shirikisho la riadha la dunia lilikuwa limeamua kuanzisha mashindano rasmi ya ubingwa wa dunia wa nusu marathoni. Mashindano ya kwanza yalifanyika tarehe 20 Septemba 1992 katika barabara ileile ya Newcastle hadi South Shields, yakiunganishwa na Great North Run ya mwaka huo. Masya alikuwa na umri wa miaka 22. Hakuwa mgeni wa barabara ile. Aliijua kona kwa kona. Alikata utepe kwa dakika 60 na sekunde 24. Wa pili alikuwa Antonio Silio wa Argentina, sekunde 16 nyuma yake, na wa tatu alikuwa Boay Akonay wa Tanzania, aliyeachwa kwa sekunde 21. Kenya ikatwaa pia dhahabu ya timu. Kwa hiyo bingwa wa kwanza kabisa wa dunia katika nusu marathoni, mtu ambaye jina lake linaanza orodha ambayo baadaye iliandikwa majina ya kina Paul Tergat na wengine wengi, ni kijana wa Kitui.

Ningependa wanafunzi wasome tarakimu hizo kwa penseli mkononi. Dakika 60 na sekunde 24 ni sekunde 3,624. Tukizigawa kwa kilomita 21.1, tunapata kwamba kila kilomita ilimchukua dakika mbili na takriban sekunde 52. Yaani kila mita 100 alizikimbia kwa sekunde zipatazo 17, akarudia hivyo mara 211 bila kupumzika. Nenda uwanjani pa shule yako, pima mita 100, uzikimbie kwa sekunde 17. Wengi mtaweza. Kisha jiulize ungeweza kurudia mara ngapi. Hapo utaelewa ubingwa ni nini, na utakuwa umefanya hesabu ya kugawanya bila kuambiwa.

Pengine msomaji atauliza: ikiwa alikimbia kwa kasi kuliko Musyoki, mbona muda wake hauhesabiwi kuwa rekodi ya dunia? Ni kwa sababu barabara ile huanza mahali pamoja na kuishia mahali pengine mbali, nayo huteremka kuelekea baharini. Kanuni za rekodi zinataka mwanzo na mwisho zisitengane kupita nusu ya umbali wa mbio, na mteremko usizidi mita moja kwa kila kilomita. Upepo ukivuma kutoka mgongoni, mkimbiaji husaidiwa njia nzima. Hata hivyo, upepo huo huwasaidia wote, na wote waliokuwa barabarani siku ile walikuwa nyuma ya Masya.

Miezi mitatu baada ya kutawazwa bingwa wa dunia, alirudi Honolulu akashinda tena, safari hii kwa saa mbili, dakika 14 na sekunde 19. Aliyefuata nyuma yake alikuwa Cosmas Ndeti, Mkamba mwenzake. Miezi minne baadaye Ndeti alishinda marathoni ya Boston, akairudia 1994 na 1995. Ukitaka kujua Masya alikuwa na uzito gani katika siku zake, basi jua kwamba mtu aliyekuja kuitawala Boston kwa miaka mitatu mfululizo alikuwa, muda mfupi kabla yake, ameshindwa na Masya.

Mwaka 1993 Great North Run ilichukuliwa na Moses Tanui, mtu wa kwanza kukimbia nusu marathoni chini ya saa moja. Wengine wangekata tamaa kuona mpinzani kama huyo amekuja. Masya alirudi mwaka 1994 akashinda kwa dakika 60 na sekunde mbili, muda wake bora katika barabara ile. Desemba hiyo akashinda Honolulu kwa mara ya tatu, kwa saa mbili, dakika 15 na sekunde nne. Mwaka 1995 Tanui akaitwaa tena Great North Run. Mwaka 1996 Masya akamnyang'anya, akashinda kwa mara ya nne. Alikuwa na miaka 26.

Tujumlishe. Kati ya 1991 na 1996, Benson Masya alishinda Great North Run mara nne na Honolulu mara tatu, na mmoja wa ushindi huo ulikuwa na taji la dunia juu yake. Rekodi yake ya ushindi mara nne kwa wanaume katika Great North Run ilidumu bila kufikiwa kwa zaidi ya miaka 20. Mo Farah wa Uingereza, mwenye dhahabu nne za Olimpiki, ndiye aliyeifikia mwaka 2017 na kuipita mwaka 2018. Yaani ilimhitaji mmoja wa wakimbiaji wakubwa kabisa wa historia kumwondoa mtoto wa Kitui katika nafasi yake.

Baada ya 1996 hakushinda tena Great North Run wala Honolulu. Nyota iliyochomoza ghafla ilizama mapema. Tarehe 24 Septemba 2003, Benson Masya aliaga dunia huko Mumias, magharibi mwa Kenya, mamia ya kilomita kutoka alikozaliwa. Alikuwa na umri wa miaka 33 tu. Mumias ni mahali ambapo katika karne ya 19 misafara ya wafanyabiashara ilipumzika baada ya safari ndefu kutoka pwani. Huyu msafiri naye safari yake iliishia hapo.

Tazama jinsi siku zilivyopangana. Siku tatu kabla ya kifo chake, tarehe 21 Septemba, maelfu ya watu walikuwa wamekimbia barabara ileile ya Newcastle hadi baharini. Siku nne baada ya kifo chake, tarehe 28 Septemba, Paul Tergat aliweka rekodi ya dunia ya marathoni huko Berlin kwa saa mbili, dakika nne na sekunde 55, na taifa zima likashangilia, nalo lilikuwa na haki ya kushangilia. Lakini katikati ya tarehe hizo mbili palikuwa na mwili wa mtu mmoja ambaye aliufungua mlango alioupitia Tergat mwaka 1999 na 2000 alipokuwa bingwa wa dunia wa nusu marathoni. Mwenye kuufungua mlango alilala wakati nyumba imejaa sherehe.

Kwa nini basi jina hili halimo vinywani mwetu? Naona sababu tatu.

Sababu ya kwanza ni Olimpiki. Sisi Wakenya tumezoea kumpima mwanariadha kwa Olimpiki. Nusu marathoni si mchezo wa Olimpiki. Kwa hiyo bingwa wake, hata akiwa wa kwanza duniani, hapati wimbo wala mapokezi ya uwanja wa ndege kama mwenye medali ya Olimpiki. Kipimo chetu ni kifupi, na mtu mrefu hatuwezi kumpima kwa rula fupi.

Sababu ya pili ni fikra zetu kuhusu eneo. Tumejiaminisha kwamba riadha ni mali ya Bonde la Ufa, kama vile korosho ni mali ya pwani. Matokeo yake, mwalimu wa Kitui au Makueni akimwona mtoto mwenye pumzi humsifu siku ya michezo, kisha humsahau, kwa kuwa anadhani mabingwa hutoka kwingine. Lakini mnyororo wa Ukambani ni mrefu: Musyoki, Masya, Ndeti, Jimmy Muindi aliyeshinda Honolulu mara sita, Patrick Ivuti aliyeshinda Chicago mwaka 2007 kwa tofauti ya chini ya sekunde moja, na Patrick Makau aliyeweka rekodi ya dunia ya marathoni huko Berlin mwaka 2011 kwa saa mbili, dakika tatu na sekunde 38. Huo si mkono wa bahati. Bahati haipigi hodi mara sita katika nyumba moja.

Sababu ya tatu ndiyo inayonikera zaidi, nayo ni kwamba hatuandiki. Waingereza wameandika kila mshindi wa barabara yao tangu 1981, na yeyote anayetaka kujua Masya alikimbia kwa sekunde ngapi atapata jibu kutoka kwao. Lakini nani ameandika alisoma wapi, nani alimfunza ndondi, nani alikuwa wa kwanza kumwambia avue glavu avae viatu? Wanaojua hayo ni wazee na watu wa makamo, nao wanapungua mwaka baada ya mwaka. Mzee akifa na habari kichwani mwake, tunazika vitu viwili kwa jeneza moja.

Yamkini mwalimu fulani atanikabili kwa hoja kwamba kumsifu mwanariadha aliyekufa kijana ni kuwapotosha wanafunzi waache vitabu wakimbilie barabara. Hoja hiyo ina uzito, na siipuuzi. Kwa hakika, maisha ya Masya yenyewe ndiyo yanayoijibu. Kipindi chake cha ushindi mkubwa kilikuwa miaka sita. Miaka sita ni sawa na muda wa mtoto kutoka darasa la kwanza hadi la sita. Mwili wa mwanariadha ni shamba linalozaa kwa misimu michache, kisha huchoka. Na aliyezaliwa katika nchi ya ukame anajua vyema kwamba mavuno ya msimu mmoja mwema lazima yawekwe ghalani kwa ajili ya misimu mibaya. Kizazi cha Masya kiliingia katika soko la fedha za kigeni bila mtu wa kukifunza mkataba ni nini, akiba ni nini, kodi ni nini, na mtu hufanya nini asubuhi ya kwanza baada ya miguu kukataa. Hayo ni mambo ya kitabuni. Kwa hiyo mwenye kipaji cha mbio anahitaji elimu kuliko mwenzake, wala si kidogo kuliko mwenzake.

Tena yapo mambo ambayo kitabu pekee hakifunzi. Kijana aliyekuwa na ujuzi wa mchezo mmoja akauacha akaanza mwingine kutoka sifuri anatufunza kwamba kubadili njia si kushindwa. Aliyepoteza taji 1993 akalirudisha 1994, akalipoteza 1995 akalirudisha 1996, anatufunza kwamba kushindwa mara moja si hukumu ya mwisho. Ni wanafunzi wangapi huvunjika moyo kwa sababu ya matokeo ya mtihani mmoja? Wapewe maisha haya wayasome.

Nitoe basi ombi langu, nalo si zito. Kila shule ya Kitui na Makueni iwe na daftari moja kubwa. Wanafunzi, wakiongozwa na mwalimu wa historia au wa Kiswahili, waende kwa wazee wa kijiji wakaulize: nani katika eneo hili aliwahi kufanya jambo ambalo lilivuka mipaka ya wilaya? Awe mkimbiaji, awe mganga, awe mchongaji wa vinyago, awe mwalimu aliyeanzisha shule chini ya mti. Waandike jina, mwaka wa kuzaliwa, kazi aliyoifanya, na majina ya walioshuhudia. Gharama yake ni daftari na kalamu. Baada ya miaka kumi shule hiyo itakuwa na hazina ambayo haipatikani katika maktaba yoyote ya London.

Siku ile darasani, baada ya kicheko cha mbunge wa zamani kutulia, niliwasimulia wanafunzi habari za Masya kama nilivyowasimulia ninyi. Niliwapa na ile hesabu ya sekunde 17. Kengele ililia kabla hatujafika kwenye uandishi wa insha, nikamwomba radhi mwalimu wao. Nilipokuwa nikitoka langoni, niliwaona wavulana wanne na msichana mmoja uwanjani, wamevua viatu, mmoja wao ameshika saa mkononi. Walikuwa wamechora mstari mchangani, wanahesabu hatua hadi mita 100.

Sijui kama yumo bingwa miongoni mwao. Ninachojua ni kwamba jioni ile jina la Benson Masya lilitajwa tena katika ardhi ya Kitui, na waliolitaja walikuwa wanakimbia.